Mwenzi wa Shira

Shira ndiyo nyota inayong'aa kuliko nyota zote za usiku, na kwetu Afrika Mashariki haina haja ya kutafutwa. Kuanzia Januari hadi Aprili, giza likishaingia, iko juu angani karibu na kundi la nyota la Jabari, nyeupe, ikimetameta. Wasioijua kwa jina wanaijua kwa macho. Wamisri wa kale waliingoja ichomoze alfajiri iwape dalili ya mafuriko ya Nile. Wasomaji wa Kurani wanalikuta jina lake katika Surat An-Najm, aya ya 49. Imesifiwa na watu wengi kwa karne nyingi, na mimi sina la kuiongezea. Nyota inayonishughulisha iko ubavuni pake, haionekani bila darubini, na kwa maoni yangu ndiyo yenye habari kubwa zaidi kati ya hizo mbili.

Wanafalaki huiita Shira B, na ile angavu huiita Shira A. Rangi ya Shira B ni weupe wenye ubuluu. Kwa nuru inayoonekana kwa macho, mwenzake anaizidi takriban mara 9,000, ndiyo maana humezwa na mng'ao wake. Zote mbili ziko umbali wa miaka ya nuru 8.6 kutoka kwetu, majirani wa karibu kwa vipimo vya anga, na huzungukana mara moja kila miaka 50. Njia yao si duara. Katika mzunguko mmoja hukaribiana mpaka umbali wao ukawa mdogo kuliko ule ulio kati ya Jua na Zohali, kisha huachana mpaka umbali huo ukaupita ule wa Jua na Neptuni.

Ilijulikana kabla ya kuonwa. Friedrich Bessel, aliyekuwa akipima nafasi za nyota huko Königsberg, alikuwa na vipimo vya Shira vilivyokusanywa kwa miaka mingi. Nyota husogea, polepole mno, na ilitarajiwa kwamba kila moja ingefuata mstari mnyoofu. Shira haikuufuata. Njia yake ilipinda huku, ikapinda kule, tofauti ndogo ajabu ambayo mtu asiye mvumilivu angesema ni kosa la kifaa. Mwaka 1844 Bessel aliandika kwamba Shira inavutwa na kitu kisichoonekana. Ni sawa na kumwona mtu kwa mbali gizani, anatembea kaegemea upande mmoja: ndoo ya maji huioni, lakini mwendo wake unakwambia kwamba mkono mmoja una mzigo. Bessel alifariki mwaka 1846, na mzigo wenyewe hakuuona. Miaka mitano baadaye mwenzake, Peters, alikokotoa kutoka katika vipimo vile vile kwamba kitu hicho hukamilisha mzunguko wake kwa muda wa karibu miaka 50.

Tarehe 31 Januari 1862, Alvan Graham Clark, kijana wa familia ya watengeneza lenzi huko Cambridgeport, Massachusetts, alikuwa akijaribu lenzi mpya yenye kipenyo cha sentimita 47. Iliagizwa na Chuo Kikuu cha Mississippi, lakini Wamarekani walikuwa vitani wao kwa wao na haikufika huko. Mwishowe ilikwenda Chicago. Clark aliielekeza kwenye Shira, na pembeni ya mng'ao akaona kinukta cha nuru. Kilikuwa pale pale hesabu ziliposema kingekuwa.

Kwa miaka hamsini iliyofuata, sioni kama kuna aliyeelewa kilichokuwa kimepatikana. Uzito wa nyota ile ulijulikana kutokana na mvuto wake: karibu sawa na wa Jua. Ung'aavu wake ulikuwa mdogo sana. Maelezo yaliyokuja haraka ni kwamba ni jua linalozimika, limepoa, na limekuwa jekundu. Mwaka 1915 Walter Adams, katika kituo cha Mount Wilson huko California, alifaulu kuinasa nuru yake bila kuzidiwa na ile ya Shira A, akaichanganua rangi kwa rangi. Nyota ile haikuwa nyekundu wala haikuwa imepoa. Ilikuwa ya moto mweupe. Vipimo vya leo vinasema uso wake una nyuzi zipatazo 25,000, wakati uso wa Jua una kama 5,500 na ule wa Shira A haufiki 10,000.

Ugumu ndio ulianzia hapo. Kitu chenye joto kali zaidi hutoa nishati zaidi kwa kila mita ya mraba ya uso wake, na kila mita ya mraba ya Shira B inatoa kama mara arobaini ya ile ya Shira A. Kama hata hivyo nyota nzima inaonekana hafifu, basi mita hizo za mraba ni chache. Na kweli ni chache: uso wa Shira A una eneo linalozidi ule wa Shira B zaidi ya mara 40,000. Tena sehemu kubwa ya nuru ya Shira B ni miale ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaipokei. Ukizikamilisha hesabu unapata tufe ambalo kipenyo chake hakifiki kilomita 12,000. Dunia yetu ina kilomita 12,742. Nyota hii ni ndogo kuliko Dunia, na imebeba uzito wa Jua zima.

Ningependa msomaji asiipite sentensi hiyo haraka. Uzito huo ni wa Dunia mara 339,000 hivi, umewekwa ndani ya nafasi isiyoitosha hata Dunia moja. Mchemraba wa mata yake wenye sentimita moja kila upande una uzito wa zaidi ya tani mbili, na huo ni wastani. Kuelekea katikati msongamano unapanda sana. Mvuto usoni pake ni karibu mara laki nne ya huu unaotushikilia sisi. Mtu wa kilo 60 angelemewa huko na uzito wa tani 24,000. Chochote kitakachotaka kuondoka usoni pake kisirudi tena kinahitaji mwendo wa zaidi ya kilomita 6,000 kwa sekunde. Kutoka duniani kilomita 11 zinatosha. Kwa sababu ya mvuto huo hata angahewa yake imejipanga kwa uzito: kila elementi nzito imezama, na juu imebaki hidrojeni, iliyo nyepesi kuliko zote. Chini yake kuna tabaka la heli, kisha kiini kikubwa cha kaboni na oksijeni, hewa tunayovuta na masizi ya sufuria zetu, katika hali ambayo hakuna maabara duniani iwezayo kuituliza mezani.

Arthur Eddington wa Cambridge, aliyekuwa bingwa wa elimu ya ndani ya nyota, alizikubali namba hizi, na zikamfikisha kwenye tatizo. Gesi ya kawaida husimama kwa joto lake. Nyota kama hii ikipoteza joto lake lote, mata yake ingepaswa kurudi kuwa mata ya kawaida, yenye nafasi kati ya atomu na atomu. Kwa hiyo ingepaswa kutanuka, na kutanuka dhidi ya mvuto mkali namna ile kunataka nishati ambayo nyota haina. Ilionekana kama kitu kisichoweza kuendelea kuwa moto wala kupoa.

Jibu lilitoka kwenye fizikia ya vitu vidogo kuliko vyote. Mwaka 1925 Wolfgang Pauli alieleza kwamba elektroni mbili haziwezi kuwa katika hali moja kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata Ralph Fowler aliichukua kanuni hiyo akaipeleka ndani ya vibete vyeupe, kama nyota za aina hii zinavyoitwa. Mata inapogandamizwa namna ile, atomu huvunjika na elektroni hubanana. Hali za chini zikijaa, elektroni inayobanwa zaidi haina pa kwenda ila kwenye hali ya juu, yenye mwendo mkali zaidi. Mwendo huo unasukuma. Msukumo huo haudai joto. Nyota inaweza kupoa mpaka ikawa nyeusi na bado ukubwa wake ukabaki karibu ule ule.

Hapa ndipo mawazo yangu hurudi kila ninapoikumbuka nyota hii. Jua letu linasimama kwa kutumia. Kila sekunde linageuza mamilioni ya tani za hidrojeni kuwa heli, na nishati inayotoka ndiyo inayozuia tabaka zake zisiangukie ndani. Siku akiba ya kiini itakapokwisha, umbo hili la Jua tunalolijua litakwisha nayo. Uhai nao uko hivyo, pamoja na wangu: ni matumizi, na yakisimama, umekwisha. Shira B haichomi chochote ndani. Nuru inayotufikia ni joto la zamani linalovuja kupitia ngozi nyembamba ya hidrojeni, na kwa kuwa uso ni mdogo na akiba ya joto ni kubwa, kuvuja huko kutachukua mabilioni ya miaka. Lakini nuru siyo inayoisimamisha. Imesimama kwa kukataa kwa elektroni kuwa pamoja mahali pamoja, na kukataa huko hakugharimu kitu, hakuchoki, wala hakuna siku ya kumalizika. Tangu nilipoielewa hoja hii nimeacha kuiona Shira B kama jeneza. Ni mojawapo ya vitu vichache ninavyovijua ambavyo kuwepo kwao hakulipiwi.

Vibete hivi vina tabia nyingine inayokwenda kinyume na mazoea: kadiri kibete kinavyokuwa kizito ndivyo kinavyokuwa kidogo. Jua letu nalo litakuwa kibete cheupe, baada ya miaka bilioni kadhaa na baada ya kupoteza karibu nusu ya mata yake. Kwa kuwa litakuwa jepesi kuliko Shira B, litakuwa kubwa kuliko Shira B. Na kusinyaa huko kuna mwisho. Aliyeuona mwisho huo alikuwa na umri wa miaka 19. Subrahmanyan Chandrasekhar, mzaliwa wa Lahore, alipanda meli Bombay mwaka 1930 kwenda kusoma Uingereza, na akiwa safarini alikokotoa nini kinatokea elektroni zinapokaribia kasi ya nuru. Inanifurahisha kwamba hesabu hiyo ilianza kwenye Bahari ya Arabu, maji ambayo majahazi ya kwetu yameyavuka na pepo za msimu kwa karne nyingi. Aligundua kwamba msukumo wa elektroni una kikomo. Kikomo hicho, kama tunavyokijua sasa, ni karibu mara 1.4 ya uzito wa Jua. Kibete kikizidi hapo hakuna elektroni za kukisimamisha. Shira B ina 1.02, iko salama.

Januari 1935, mbele ya wanafalaki wenzao London, Eddington yule yule aliyeichukulia Shira B kwa uzito aliipinga hoja ya Chandrasekhar hadharani, kwa maneno ya kejeli. Heshima yake ilikuwa kubwa mno, na wengi walinyamaza. Kijana alikuwa sahihi. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1983. Simsamehe Eddington kirahisi kwa siku ile, ingawa bila yeye nisingekuwa na nusu ya mambo ninayoyaandika hapa.

Na kuna jambo jingine la Eddington, ambalo nalipenda zaidi. Kwa nadharia ya Einstein, nuru inayopanda kutoka kwenye mvuto mkali hupoteza nishati, rangi zake zote zikasogea kidogo kuelekea wekundu. Mwaka 1924 Eddington alikadiria kwamba kwa Shira B msogeo huo ungelingana na mwendo wa kilomita 20 kwa sekunde. Adams akapima, na mwaka 1925 akatangaza karibu namba hiyo hiyo. Ilipokelewa kama ushahidi mzuri kwa Einstein na kwa msongamano wa nyota ile kwa pamoja. Lakini kadirio la Eddington lilikuwa dogo mno, kwa kuwa nyota ilidhaniwa kubwa kuliko ilivyo, na kipimo cha Adams kilichafuliwa na nuru ya Shira A iliyomwagikia kifaa. Makosa mawili yalikutana yakapeana mikono. Mwaka 1971 Jesse Greenstein na wenzake, nyota hiyo ilipokuwa mbali kidogo na mwenzake, walipata karibu kilomita 89 kwa sekunde. Darubini ya Hubble, iliyo juu ya angahewa, imetupa namba iliyo karibu na 80, na hiyo inakubaliana na uzito na kipenyo nilivyovitaja. Einstein alikuwa sahihi tangu mwanzo. Kilichokosekana ni nyota yenyewe kuonwa peke yake.

Mwenzi huyu mdogo hakuzaliwa mdogo. Nyota hizi mbili zilitokea pamoja, miaka milioni 230 hivi iliyopita, na wakati huo Shira B ndiyo iliyokuwa kubwa, ikiwa na uzito wa majua matano au zaidi kidogo. Nyota nzito huchoma haraka. Iling'aa mamia ya mara kuliko Jua, ikamaliza hidrojeni ya kiini chake, ikavimba kuwa jitu jekundu, ikaipeperusha angani sehemu kubwa ya mwili wake, na kiini kilichobaki ndicho tunachokitazama leo. Kimekuwa katika hali hii kwa kama miaka milioni 120. Dinosaria wakubwa ambao mifupa yao ilifukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, waliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Enzi zao nyota hii ilikuwa ingali ikiwaka kwa nguvu zake zote. Sidai kwamba iliwamulika. Nyota husafiri, na hatujui kama wakati huo ilikuwa popote karibu na Jua. Shira A ilishuhudia yote hayo kwa karibu, na sasa ndiyo inayosifiwa.

Siwezi kumwandikia msomaji wa Afrika juu ya Shira B nikalikwepa jambo la Wadogoni wa Mali. Mwaka 1950 wanaanthropolojia wa Ufaransa, Marcel Griaule na Germaine Dieterlen, waliandika kwamba wazee wa Kidogoni waliwaeleza habari za mwenzi mdogo wa Shira, mzito sana, anayezunguka kwa miaka 50. Mwaka 1976 Robert Temple alitoa kitabu kilichodai kwamba elimu hiyo ilitoka kwa viumbe wa sayari nyingine. Kitabu kilienea sana, na hadi leo kuna wanaokirudia kwa fahari, wakidhani wanaitetea Afrika. Walter van Beek, aliyeishi na kufanya utafiti kwa Wadogoni miaka mingi, aliandika mwaka 1991 kwamba hakuyakuta masimulizi hayo miongoni mwao. Kufikia siku Griaule alipoyaandika, Shira B ilikuwa imezungumzwa duniani kwa zaidi ya miaka ishirini, na habari husafiri, hata na mgeni mwenye maswali. Mimi naona hadithi ya Temple inawadhalilisha Wadogoni. Inawapokonya ustadi wao wenyewe, ambao ni mkubwa, na kuwapa sifa ya kupokea. Bara hili halihitaji wageni kutoka angani ili liwe na haki ya kuitazama nyota hii.

Na kuitazama tunaweza, pengine vizuri kuliko Bessel mwenyewe. Kwake Königsberg, Shira haikupanda hata nyuzi 20 juu ya upeo wa macho. Nuru yake ilimfikia kupitia hewa nene inayotikisika. Dar es Salaam hupita nyuzi kumi tu kutoka utosini, mahali ambapo hewa ya kupenya ni ndogo kuliko kwingine kokote. Mwenzake alikuwa karibu nayo mno miaka ya 1990, na wengi walijaribu wakashindwa kuitenganisha. Miaka hii ya 2020 amefika mbali kabisa, kama sekunde 11 za tao. Darubini yenye kioo cha sentimita 20 au 25, iliyotulia vizuri, iliyoachwa nje mpaka ikapoa sawa na hewa, inatosha katika usiku usio na upepo wa juu. Inasaidia kuiacha Shira ielee kidogo nje ya ukingo wa mwono ili mng'ao wake usikupofushe, na kumtafuta mwenzi upande wa mashariki yake. Kufikia mwaka 2044 zitakuwa zimekaribiana tena, kwa hiyo shule au klabu yenye darubini ya ukubwa huo ina miaka michache tu mizuri ya kuwaonyesha watoto.